Nauli bure kwa watu wenye ulemavu kwenye daladala za Kigoma: anayelipa ni nani?

#1 Gungu Juu

Wakuu, salaam. Kila ikikaribia tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, linarudi lilelile: watu wenye ulemavu wapande daladala bure. Nalitaka sana jambo hili. Lakini kwa jinsi linavyosemwa, litamuumiza yuleyule tunayetaka kumsaidia.

Daladala ya Mwanga–Ujiji si ya serikali. Ina tajiri wake, na tajiri jioni anataka hesabu yake kamili. Dereva na konda wanakula kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Abiria akipanda bure, aliyemlipia si tajiri wala manispaa, ni konda kutoka kwenye posho yake ya siku. Kwa sasa anayepanda bure anapanda kwa hisani. Siku hisani ikigeuzwa amri bila fidia, gari likiona magongo au kitimwendo kituoni litaongeza mwendo.

Hoja yangu: kwanza apatikane mlipaji, ndipo tutamke neno bure. Nipingeni kwa hesabu.

#2 Kosta la Asubuhi

Nakupinga kwa hesabu. Chukua Hiace ya abiria 15, nauli 600. Likijaa ni 9,000 kwa safari. Tuseme linapiga safari kumi kwa siku na kila safari tatu linapata abiria mmoja wa bure. Hao ni watatu, yaani 1,800 kwa siku nzima. Konda hakimbii abiria kwa 1,800.

Anachokimbia ni dakika. Kumpandisha mtu wa kitimwendo kwenye Hiace, kumkalisha, kukunja kiti na kukitafutia nafasi ni dakika nne au tano, na hapo msaidizi yupo. Katika dakika hizo gari la nyuma linampita na kuokota abiria wa vituo vitatu vya mbele. Hasara hiyo ni abiria sita au saba, 3,600 au zaidi kwa kituo kimoja. Ukimlipa konda nauli ya huyo abiria bado atamkimbia, kwa sababu hujamlipa muda.

#3 Binti Ujiji

Mbona mnazunguka? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeshasema wasafiri bure. SUMATRA ndio hawasimamii.

#4 Isevya Tabora

Dada Binti Ujiji, mawili ya kurekebisha. SUMATRA haipo tena. Usafiri wa ardhini uko chini ya LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 2019. Na Sheria Na. 9 ya 2010 inakataza ubaguzi na inataka huduma zifikike, lakini haikuandika nauli sifuri. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tulioridhia 2009, ibara ya 20, unasema mtu awezeshwe kujongea kwa namna na wakati anaotaka, kwa gharama anayoimudu. Anayoimudu, si bure.

LATRA wanachopanga ni kikomo cha juu. Kwa mabasi ya mikoani, nauli zilizoanza Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati. Mwenye basi hazuiwi kutoza pungufu ya hapo. Kwa hiyo anayetaka kusamehe nauli hahitaji kibali, na asiyetaka halazimiki.

#5 Binti Ujiji

Asante kaka, nimepata. Lakini mwanafunzi ana nauli yake ya 200 na magari yanatembea. Kwa nini isiwezekane kwa wenye ulemavu?

#6 Gungu Juu

Mfano huo ndio unaonitisha. Nauli ya mtu mzima 600, mwanafunzi 200. Zile 400 hazirudishwi na yeyote. Matokeo yake kila mtu anayajua: saa 12 asubuhi konda anasimama mlangoni, anaingiza wanafunzi wawili watatu na kuwaambia wengine wasubiri gari la nyuma, na la nyuma nalo linasema hivyohivyo. Na hawa ni watoto wanaoweza kurukia gari likiwa bado linatembea. Mwenye magongo atafanyaje?

#7 Mha wa Ughaibuni

Niongeze kutoka Uingereza, maana huku mlipaji yupo na bado kuna mapengo.

Kwa England, tangu tarehe 1 Aprili 2008 mwenye kadi ya ulemavu anapanda bure basi lolote la safari za karibu, popote nchini, siku za kazi kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 5 usiku, wikiendi na sikukuu siku nzima. Scotland na Wales wana mipango yao. Sheria ya Usafiri ya 2000 imetaja makundi saba: wasioona au wenye uoni hafifu, viziwi, wasioongea, wenye ulemavu unaowazuia sana kutembea, wasio na mikono au wasioweza kuitumia yote miwili, wenye ulemavu wa kujifunza, na wale ambao wangenyimwa leseni ya udereva kwa sababu ya afya, mfano wenye kifafa.

Halmashauri inamlipa mwenye basi. Kanuni ni moja: asipate faida wala hasara kwa sababu ya mpango huo. Halipwi nauli kamili kwa kila kadi, kwa kuwa baadhi ya hao abiria wasingesafiri kabisa kama wangetakiwa kulipa. Hesabu hiyo ndiyo inayoleta mabishano kila mwaka.

Mapengo ni mawili. Miadi ya hospitali saa 2 asubuhi inaangukia nje ya muda wa bure, isipokuwa halmashauri yako imeongeza muda kwa fedha zake. Na msaidizi hamo kwenye mpango wa taifa. Anasafiri bure pale tu halmashauri ilipoamua kumwongeza.

#8 Masanga Stendi

Marekani wamewazidi hao, bure kabisa tangu sheria yao ya 1990.

#9 Mha wa Ughaibuni

Hapana mkuu. Sheria ya 1990 inahusu kufikika: basi liwe na lifti au ngazi mteremko, vituo vitangazwe, mbwa mwongozaji aruhusiwe. Nauli iko kwenye sheria nyingine: kampuni ya usafiri inayopokea fedha za serikali kuu isimtoze mwenye ulemavu zaidi ya nusu ya nauli, saa ambazo hakuna msongamano. Na asiyeweza kupanda basi, gari dogo linalomfuata nyumbani linaweza kumtoza hadi mara mbili ya nauli ya basi.

Ujerumani ni njia ya tatu. Mwenye ulemavu mkubwa ana kadi, ananunua stempu ya mwaka, kuanzia 2025 ni euro 104, kisha anapanda mabasi na treni za karibu nchi nzima. Asiyeona anapewa stempu bila kulipa. Na kadi ikiwa na alama ya msaidizi, msaidizi halipi.

#10 Kosta la Asubuhi

Huko mbali. Hapa fedha ipo tayari. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ilipe nauli, tumalize.

#11 Katubuka

Haiwezekani, kaka. Hiyo asilimia 10, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ni mikopo. Haina riba, lakini inarudishwa na kukopeshwa wengine. Ukiila kwenye nauli, kikundi cha mwakani hakikuti kitu. Nauli lazima iwe na kifungu chake kwenye bajeti, na hicho kinaanza kuombwa kwenye vikao vya mtaa na kata, kabla baraza la madiwani halijakaa kupitisha. Ukienda na hoja mwezi Juni umechelewa.

Na utaratibu unaotekelezeka ni kuponi. Hivi:

Afisa ustawi wa jamii anachukua daftari la watu wenye ulemavu la kila mtaa. Kila aliyesajiliwa anapewa kitabu chenye kuponi, tuseme 20 kwa mwezi. Kila kuponi ina namba, kishina kinabaki kitabuni, na rangi inabadilika kila mwezi ili ya zamani isirudi. Konda anapokea kuponi kama nauli, anaandika namba ya gari nyuma yake. Jioni anaikabidhi kwa chama cha wasafirishaji pale stendi na analipwa taslimu kutoka mfuko mdogo wa chama. Chama kinapeleka kuponi manispaa kila wiki na kurudishiwa.

Kiini ni hapo jioni. Konda akiambiwa asubiri mwisho wa mwezi, kuponi kwake ni karatasi tu.

#12 Isevya Tabora

Katubuka umepanga vizuri, ila nionyeshe patakapovunjika. Chama cha stendi kitatoa taslimu wiki ya kwanza, ya pili, na manispaa ikichelewa miezi mitatu mfuko umekauka. Kuanzia hapo makonda watazikataa kuponi, au watazipokea kwa nusu bei. Kabla ya kuponi ya kwanza kutoka, manispaa iweke amana ya angalau miezi miwili kwenye akaunti ya chama, na mkataba useme amana ikishuka chini ya nusu utoaji unasimama kwa tangazo. Kusimama kwa tangazo ni heri kuliko mtu kufika kituoni na kukataliwa.

La pili, kuponi zitauzwa. Mwenye shida ya unga atauza kuponi sita kwa jirani. Mimi silioni kuwa kosa kubwa, lakini mkaguzi ataliona. Picha kwenye jalada la kitabu inasaidia, konda aone jalada kabla ya kuchana.

#13 Masanga Stendi

Mkaguzi wa Tabora huyo, hata kuponi hazijachapwa ameshazifungia hesabu!

#14 Fundi Mwanga

Nimesoma yote. Mnagombana juu ya nauli ya gari ambalo mtu haliwezi kulipanda. Pimeni gari lenyewe.

Hiace: mlango wa kusukuma, mbele yake kiti cha kukunja, kipandio kiko sentimita 35 hadi 40 kutoka chini. Tajiri akiongeza majani ya springi ili gari libebe magunia, kinapanda zaidi. Kosta ina ngazi mbili au tatu na mlango mwembamba. Basi la mikoani lina ngazi nne zinazopinda. Kitimwendo cha mtu mzima, ukipima kutoka ringi ya mkono hadi ringi ya mkono, ni sentimita 60 hadi 70. Hakipiti kikiwa wazi. Kwa hiyo mtu anabebwa, na hapa ndipo makonda wanaumiza watu.

Kubeba kunakofaa: muulize mwenyewe kwanza, yeye ndiye anayejua mwili wake. Funga breki za kiti. Wa nyuma apitishe mikono chini ya makwapa na kushika mikono ya abiria iliyokunjwa kifuani. Wa mbele ashike chini ya magoti yote mawili. Mnahesabu, mnanyanyua pamoja, wa nyuma anatangulia kuingia. Msimvute mkono hata siku moja. Bega la mtu aliyepooza linateguka bila yeye kusikia. Na mtu aliyeumia uti wa mgongo msimwachie kiti kigumu: awekewe mto wake wa kitimwendo kwenye siti, na kila robo au nusu saa ajinyanyue au aegemezwe upande, vinginevyo anashuka na mwanzo wa kidonda cha mgandamizo.

#15 Binti Ujiji

Fundi shukrani. Je, kikundi kikichukua ule mkopo wa asilimia 2 na kununua bajaji yenye ngazi mteremko nyuma? Katubuka amesema fedha hiyo ni ya mikopo.

#16 Fundi Mwanga

Dada, bajaji ya abiria injini iko nyuma, chini ya siti. Huwezi kufungua nyuma. Toyo ya mizigo injini iko mbele, nyuma pako wazi, lakini sakafu yake iko juu kwa sababu ya difu. Sakafu ya sentimita 60 ukitaka mteremko wa moja kwa kumi na mbili kama wa majengo, unahitaji mbao za mita 7.2. Hakuna wa kuzibeba. Kwa kusukumwa na msaidizi unaweza kushuka hadi moja kwa nne, hapo ni mita 2.4, iliyokunjwa mara mbili kwa bawaba. Mbao zikiwa fupi kuliko hapo, mteremko unakuwa mkali na kiti kinapinduka kinyumenyume.

Ukijenga hivyo: bati zito lenye vinundu la milimita 3, kingo za pembeni ziinuke sentimita 5, pete nne za kufungia kiti zichomelewe kwenye fremu, si kwenye bati la sakafu. Mikanda miwili mbele, miwili nyuma, na abiria awe na mkanda wake mbali na ile ya kiti. Kiti kielekee mbele au nyuma, kisielekee ubavuni. Kisha gari likaguliwe kabla ya kuomba leseni, maana umebadili umbo lake.

Njia rahisi zaidi ni ubao wa kuhamia. Plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 70, upana 25, kingo zilainishwe kwa msasa, vanishi mikono miwili. Mwisho mmoja chini ya paja, mwingine kwenye siti ya bajaji, mtu anateleza mwenyewe. Kiti kinafungwa kwenye keria ya nyuma. Ubao huo fundi yeyote wa seremala wa Mwanga anautoa kwa kipande kilichobaki.

#17 Kasulu Kwanza

Kuhusu kufunga kiti kwenye keria, tuelewane. Kwenye magari ya Kasulu vitimwendo vinafungwa kamba kupitia magurudumu. Spoki zinapinda na breki inavunjika. Kamba ipite kwenye fremu tu. Toa vikanyagio na mto uingie navyo ndani, hivyo ndivyo vinavyopotea. Vuta kitambaa cha siti katikati kwenda juu, kiti kinajikunja chenyewe. Safari ikiisha kagua nati za magurudumu madogo ya mbele, barabara yenye mawimbi ya changarawe inazilegeza.

Na kiti si mzigo wa kulipiwa. Abiria ana kilo 20 za mzigo bure, na kitimwendo cha kukunja kwa kawaida hakizidi hapo. Baiskeli ya mikono ya miguu mitatu ndiyo inayozidi, na hapo ndipo konda anapodai nauli ya pili.

#18 Binti Ujiji

Nauli ya pili inanikumbusha msaidizi. Safari ya kilomita 100 kwa daraja la kawaida ni 4,847. Ukiwa na msaidizi ni 9,694, kwenda na kurudi 19,388. Mtu anayefuata kliniki hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, kila mwezi kutoka wilayani, ukimsamehe yeye na kumtoza msaidizi, umempunguzia nusu tu. Kama fedha ni kidogo, mimi ningeanza kumsamehe msaidizi. Yeye hasafiri kwa shida yake.

#19 Gungu Juu

Hoja ya dada ni nzito, na pia ni rahisi kuitekeleza: tiketi ya mtandao ya basi la mikoani inaweza kuandikwa siti mbili kwa bei ya moja. Kwenye daladala ndipo hakuna tiketi.

#20 Furaha

Tangu mwanzo wa uzi ni magurudumu tu. Tabora kuna shule ya wasioona ya Furaha, na shule ya viziwi iliyoanza 1963, ya kwanza nchini. Abiria hawa hawahitaji kubebwa, na wanachohitaji hakigharimu hata senti.

Asiyeona: usimsukume mgongoni. Mpe kiwiko chako akishike, mwambie idadi ya ngazi, weka mkono wake kwenye bomba la mlango. Taja njia ya gari kwa sauti, maana kibao cha mbele hakioni. Mtajie kituo kimoja kabla ya chake, si baada ya kukipita. Fimbo nyeupe ikunjwe na ibaki mkononi mwake, isitupwe chini ya siti. Kiziwi: mwonyeshe nauli kwa vidole au kwenye simu, mwangalie usoni ukiongea. Wanaozidishiwa nauli zaidi ni hawa, kwa sababu hawasikii wenzao wametozwa ngapi.

#21 Kosta la Asubuhi

Na kiziwi utamtambuaje ili umpe bure? Hili limekwepwa. Mguu uliokatwa konda anauona. Uziwi, kifafa, uoni hafifu havionekani, na kitambulisho cha NIDA hakionyeshi ulemavu. Pale mlangoni itakuwa kelele kila siku.

#22 Katubuka

Ndiyo maana nimesema daftari la mtaa. Barua ya mtendaji wa mtaa, fomu ya daktari, picha mbili, unakwenda ustawi wa jamii. Kinachokwamisha ni fomu ya daktari: kwa kiziwi inataka kipimo cha usikivu, na kipimo hicho hakipatikani kila kituo cha afya. Utaratibu uruhusu barua ya shule au ya chama chake, mfano CHAVITA kwa viziwi au TLB kwa wasioona, wakati kipimo kinasubiriwa.

#23 Isevya Tabora

Kwa wenye ualbino, niongeze jambo dogo la mabasi ya Kigoma–Tabora. Gari linaelekea mashariki. Mwezi Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo siti za kushoto zinaungua; akae kulia. Desemba jua liko kusini, akae kushoto. Kurudi Kigoma geuza. Mkatisha tiketi akijua hili, anampangia siti ya kivuli bila gharama yoyote.

Na treni msiisahau. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mpaka leo ngazi za behewa la reli ya zamani ziko juu mno kutoka jukwaani. Kule mtu anabebwa juu zaidi kuliko Kosta.

#24 Masanga Stendi

Reli tena! Turudi kwenye basi. Mtu wa kitimwendo kwenye safari ndefu, gari likisimama kuchimba dawa porini, anashukaje?

#25 Fundi Mwanga

Hashuki, na ndiyo maana wengi hawanywi maji tangu jana yake, jambo baya kwa figo. Mwenye mpira wa mkojo amwage mfuko kabla ya kupanda, mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu, mrija usibanwe na siti. Basi likisimama, konda ampe chupa pana na watu washuke kwanza dakika mbili. Siti iwe ya mstari wa kwanza.

#26 Kosta la Asubuhi

Haya yote bado yananipa haki: shida ni muda. Lipeni kituo, msilipe abiria. Daladala inayompakia mtu wa kitimwendo ipewe haki ya kuondoka kwanza kwenye foleni ya Masanga safari inayofuata. Haigharimu manispaa chochote.

#27 Gungu Juu

Foleni ni ya stendi. Anayesubiri pale Kibirizi barabarani hana foleni. Bado nasema kuponi na amana.

#28 Binti Ujiji

LATRA wakiitisha maoni ya wadau kuhusu nauli, baraza la watumiaji, LATRA CCC, linapokea maandishi. Naanza rasimu ya ukurasa mmoja: msaidizi asilipe, kitimwendo kisitozwe, siti ya mbele. Kosta, niandikie aya ya foleni. Katubuka, aya ya amana. Zote mbili ziingie.

#29 Kosta la Asubuhi

Aya utaipata kesho. Ila kwenye kitimwendo andika na baiskeli ya mikono, la sivyo Kasulu wataendelea kutozwa.